Nchi Iliyoulizwa Vibaya

Shekue alijengwa asubuhi, na mpaka kahawa yake inaanza kufanya utando alikuwa hajacheka hata kidogo. Kwa mtu mwingine hilo lingepita tu. Wako watu wanazaliwa, wanaoa, wanastaafu, na hakuna aliyewahi kuliona gego lao. Lakini huyu ni Shekue, jamaa aliyewahi kutolewa matangani kwa kucheka, na waliomtoa wakarudi ndani wameuma ncha za kanga zao ili wasimfuate.

"Nisikilize tena," akasema dada yake, Mwatime. Walikuwa wamekaa kwenye baraza ya lango la mpakani, Mwatime ukingoni kabisa kama kuku anayetafuta pa kurukia, Shekue wima kama ufagio uliosahauliwa ukutani. "Mjomba yuko chooni. Mtu anabisha mlango. Mjomba, kwa adabu alizolelewa nazo, anaitikia, 'Karibu.'"

"Ndiyo."

"Na yule aliyebisha, naye kwa adabu zake, anaingia."

Shekue aliichukua habari hiyo akaigeuza huku na huku, kama mtu anayekagua nazi sokoni. "Sasa tatizo liko wapi, dada? Alibisha, akakaribishwa."

Kichekesho hicho kilikuwa chao tangu utotoni. Shekue hakuwahi kukifikisha mwisho. Akifika kwenye "Karibu" alikuwa tayari sakafuni, anapiga mkeka kwa kiganja, na mwisho wa hadithi ilibidi watu waukisie.

Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

Tuelewane kuhusu dunia yenyewe, kwa sababu si hii yetu, au ni hii yetu ikiwa imevaliwa ndani nje. Huko hakuna anayevuka mpaka na mwili wake. Mwili ni mali ya nchi. Ukitaka kuhama unafumuliwa mpaka unabaki matini yako peke yake: pindi la ukili, ule msuko wa majani ya mkindu unaoshonewa mikeka, chane kwa chane, na kila chane imeandikwa namna ya kukujenga. Lugha ya maandishi hayo ina jina la herufi moja, C, imepinda kama mwezi mchanga, na ni lugha yenye kumwamini mtu kupita kiasi. Inakupa kisu na haikuulizi umri. Pindi linavushwa. Upande wa pili, fundi wa nchi hiyo anakujenga upya kwa udongo wa huko, pumzi ya huko na mazoea ya huko. Matini ni moja. Watu wanaotoka humo ni wengi kadiri ya nchi. Yupi kati yao ndiye mwenyewe, hilo ni swali ambalo watu huliahirisha mpaka baada ya chakula, na baada ya chakula wanalala.

Kazi ya Mwatime ilikuwa kuandika kanuni za ujenzi, yaani maneno yanayotangulia mbele ya ukili na kumwambia fundi afanye nini. Maana nchi hazifanani, na hazina nia ya kufanana. Kuna nchi ambako njia zinaegemea kulia na nchi ambako zinaegemea kushoto, na ukipita umeegemea vibaya unafika nyumbani kwa mtu mwingine na kula chakula chake. Kuna nchi ambako mtu akimaliza mstari wa maneno anashuka tu, basi. Katika nchi hii ya lango lazima kwanza arudi mpaka ukutani, auguse, ndipo ashuke kwenye mstari unaofuata, kwa hiyo mazungumzo ya barazani yanafanana na mkutano wa watu waliosahau funguo. Kuna nchi ambako Shekue wa herufi kubwa na shekue wa herufi ndogo ni mtu mmoja, na nchi ambako ni majirani wasiosalimiana. Mwandishi wa kanuni hakai katika nchi yoyote kati ya hizo. Anaishi milangoni, kwenye kizingiti, mguu huku, mguu kule, na akiulizwa kwao ni wapi anauliza wapi kuna kivuli.

Na kanuni nzuri haitangazi nchi ikoje. Inauliza. Maji yapo? Mfupa wa upana huu upo? Kicheko kipo? Hapo kwenye kicheko Mwatime alikuwa ameandika kwa mkono wake: kikiwepo kiwekwe, kisipokuwepo endelea bila. Aliandika hivyo kwa huruma. Aliona afadhali ndugu asiye na kicheko kuliko kukosa ndugu kabisa.

Huruma hiyo ndiyo iliyokuwa imekaa pale barazani sasa, wima, inasubiri kahawa ipoe.

Adhuhuri baragumu lingepigwa. Likishapigwa Shekue angesimikwa: miguu yake ingeshika ardhi ya nchi hii, na ukili wake ungetiwa motoni chini ya birika la kahawa ya lango. Baada ya hapo hafumuliki, habadiliki, na dada yake wa kizingitini hatamfuata ndani. Angebaki hivi alivyo, mzima, mtaratibu, mwenye majibu. Na jua la huko halikuwa la kutegemea. Saa za nchi hii zilikuwa nyuma ya saa za kwao, kiasi kwamba kilichofanyika jana kwao hapa kilionekana kitafanyika kesho, na vivuli vilisogea kwa kushtuka, kama watu waliokumbushwa.

Mwatime akaingia karakana.

"Shikamoo, Fundi Jecha."

"Marahaba, mwandishi." Fundi Jecha alikuwa mtu mnene wa mikono miembamba, amekaa mbele ya kikombe cha chai. Pembeni yake kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, jicho la mtu anayejua deni lako.

"Ndugu yangu mmenipa nusu."

Jecha akarudi ukutani, akaugusa, akashuka. "Nimemkagua mwenyewe. Mikono anayo. Macho anayo. Anatembea. Hiyo nusu iko wapi?"

"Hacheki."

"Mlango nao haucheki, na ni mzima."

"Kwetu alikuwa anacheka."

"Kwenu, mwanangu, hata mbuzi wanacheka. Ungembakisha huko." Akanywa chai. "Kila mwandishi anayekuja hapa ana maneno hayo hayo. Kwetu alikuwa anaruka, kwetu alikuwa anaimba. Mimi sijengi kwenu. Najenga hapa, kwa kanuni ulizoniletea, na kanuni zako zimeniambia niulize kama kicheko..."

"Hakuna," akasema kasuku.

"Umeona? Hata sijamaliza."

"Huyu ndiye unayemuuliza?"

"Ningemuuliza nani? Zamani nilikuwa nachimba, napima, najaribu. Jua linazama bado natafuta kama maji yapo. Siku hizi swali linaulizwa mara moja, kasuku analishika jibu, na mimi nanywa chai nikiwa nimekaa. Lango zima linampenda. Tunamletea pilipili."

Kwenye kona, juu ya jamvi, alikuwa amekaa Bi Mize, mshonaji, sindano ya mikeka mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuunga vipande vinavyotoka mikononi mwa Jecha mpaka viwe mtu. Akaitoa sindano.

"Usinitazame mimi hivyo, mwanangu. Jecha anaamini ahadi. Chane ikimwambia kicheko kitakuja mbele, anaitikia na kuendelea. Mimi siamini. Ningeona uzi wa kicheko unaning'inia na kicheko chenyewe hakipo, ningemkataa ndugu yako tukagombana hapa mpaka jioni. Lakini uzi haukuwepo. Kanuni zako ziliukata kabla haujanifikia. Kisichotajwa sikidai."

"Basi kishone sasa, Bi Mize. Juu juu tu."

"Juu juu," akarudia Bi Mize, kwa sauti ya kumhurumia. "Kicheko hutajwa kwenye kichwa cha matini, na kichwa hicho husomwa na kila kiungo kinapojengwa. Nikikibandika juu juu atacheka mdomo tu. Magoti hayatakuwa na habari."

Mwatime akatoka dirishani, kwa macho, maana miguu yake haikuruhusiwa. Barabarani watu wa nchi hii walikuwa wanapita. Walikuwa watu wazuri. Walipishana kwa adabu, wakabeba mizigo ya wenzao, wakagusa kuta zao na kushuka kwenye mistari yao. Mwanamke mmoja aliteleza kwenye ganda la ndizi mbele ya mpenzi wake, akakaa chini kwa kishindo, na wote wawili wakalitazama lile ganda kama waraka wa serikali. Mwatime akawaza: hawa wote walipita hapa. Babu zao walipita hapa. Habari za kila mmoja ziliulizwa kwa kasuku. Nchi isiyo na kicheko na nchi iliyoulizwa vibaya, ukizitazama kupitia dirisha, zina tofauti gani? Aliyeuliza mara ya kwanza ndiye aliyeumba, na aliyejibu ndiye mfalme, na mfalme yumo tunduni anakula pilipili na hakumbuki alifundishwa na nani. Watu hudhani madaraka ni kuamuru. Kuamuru ni kazi ya jioni. Madaraka ni kuwa jibu lililofika kabla ya swali kumalizika.

Hakuna.

Au hakukuulizwa.

Au kuliulizwa, siku ya mvua, na aliyesikia alikuwa na haraka.

Au mimi hapa, ninayewaza, nami kuna kitu kwangu kiliulizwa vibaya, na tangu hapo natembea bila hicho kitu na najiona mzima.

Kivuli cha dirisha kikashtuka kikasogea.

Mwatime akajifungua kanga ya mabegani, akaitupa juu ya tundu. Ikafunika lote, maandishi yakiwa upande wa ndani, ndege apate cha kusoma.

"Nini hicho?" akauliza Jecha.

"Uliza mwenyewe, Fundi. Kanuni zangu zina kijaribio. Kijenge mbele yangu."

Kijaribio ni kijitu cha ukubwa wa kidole gumba. Kinaandikwa kifanye jambo moja, kisha kinakufa, na kwa jambo hilo moja fundi anajua nchi ina nini. Hiki cha Mwatime kiliandikwa kicheke. Jecha alikuwa hajajenga kijaribio kwa muda mrefu. Vidole vyake vilitafuta njia kama mtu anayeingia chumba cha utotoni gizani. Akafinyanga miguu. Akafinyanga kifua. Alipofika kinywani akasita.

"Nanung'unika," akasema.

"Kwa nini?"

"Kinacheka, sawa. Kinachekea nini? Sioni. Hapa kitu kisicho na kazi tunakinung'unikia."

"Nung'unika, Fundi, halafu endelea."

"Siwezi." Jecha akamgeuzia kanuni zake mwenyewe, mstari wa juu kabisa. "Umeandika hapa: kila nung'uniko la fundi lihesabiwe kosa. Hukulazimishwa na mtu. Tena umekoleza wino." Akakibonyeza kijitu kati ya vidole viwili, kikawa udongo. "Kosa. Kwa hiyo kicheko..."

"Hakuna," ikasema kanga.

Mwatime akaketi, na safari hii aliketi kweli. Alikumbuka alivyouandika mstari ule. Nchi hii ilisifika kwa ukali, naye alitaka wakisoma kanuni zake waseme, naam, huyu ni mwandishi wa kueleweka. Ukali wa kujipendekeza. Na bila shaka waliomtangulia milangoni walitaka sifa hiyo hiyo, wakakoleza wino hapo hapo. Kicheko kilikuwepo siku zote, udongoni mle. Kila kilipofungua kinywa kiliulizwa sababu, na kwa kuwa kilikuwa cha majaribio tu, hakikuwa nayo.

"Tuufute huo mstari?"

"Ufute, lakini nchi haitampokea mtu," akasema Jecha. "Hapa bila ukali hata upepo haupiti."

"Basi nipe kalamu."

Akaongeza maneno machache kwenye kijaribio. Mjomba, choo, mlango, hodi. Jecha akajenga upya, na alipofika kinywani akasoma, akasoma tena, hakuona cha kuchekesha, lakini aliona sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa akiitaka. Hakunung'unika. Kijitu kikasimama mezani, kikasikiliza, na kwenye neno "Karibu" kikapasuka kwa kicheko, kicheko kikubwa kuliko mwili wake, mpaka kikaanguka chali na kufariki. Kiganjani mwake kilikuwa kimeacha alama ya sifuri. Katika kazi hii sifuri ndiyo salama. Anayerudi na kitu mkononi amerudi na balaa.

Jecha aliitazama ile sifuri kwa muda. "Kumbe kipo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukiingia.

Bi Mize alikuwa tayari anatia uzi. "Mlete ndugu yako. Baragumu linasafishwa."

Shekue bado alikuwa barazani. Kahawa ilikuwa imefika nusu. Mwatime alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, kasuku, nung'uniko, kijitu, na Shekue akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Shekue hajawahi kulifanya.

"Nikifumuliwa," akasema, "mimi huyu wa asubuhi nakwenda wapi?"

Mwatime alikuwa ameandika kanuni za watu wengi. Hakuna aliyewahi kurudi kumuuliza hilo, na kwa mara ya kwanza akaona ni kwa nini hawakurudi.

"Utakuwa wewe tu, Shekue."

"Atakuwa yeye. Mimi nimekunywa kahawa hii, yeye hajainywa. Nimemwona paka akivuka pale, akabadili mawazo katikati. Umenisimulia habari za mjomba mpaka sauti imekukauka, nami nimekuvumilia. Hiyo subira ni yangu, dada. Kwenye ukili haimo."

Ni kweli haikuwemo. Shekue wa kwao hakuwahi kusubiri hata chai ipoe. Aliishi na ulimi ulioungua.

"Unataka nikuache ulivyo?"

"Sijasema hivyo. Huyo mwenye kicheko, anahitajiwa na nani? Nchi au wewe?"

"Mimi."

"Hilo jibu limenyooka." Akakiweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike. "Basi nataka mtu mmoja ajue kwamba nilikuwepo. Mmoja anatosha."

"Najua," akasema Mwatime.

"Nusu hii nawaachia."

Mlangoni Jecha akawazuia kwa mkono. "Ngoja. Huyu amejengwa leo, ukili wake ni wa juzi. Mtu akiwa mpya kuliko matini yake sina ruhusa ya kumgusa. Ndivyo ilivyo."

Mwatime akalivuta lile pindi la ukili, akalilaza magotini, akaliwekea kiganja. Hakubadilisha chane hata moja. Aliligusa tu, kama unavyomgusa paji la uso mtu unayedhani ana homa. Na kilichoguswa, kwa sheria za mafundi wote wa dunia ile, kinahesabika kimezaliwa sasa hivi. Jecha akatikisa kichwa kukubali, akalipokea pindi, akasogea.

Shekue akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, na hata hivyo akabisha.

"Hodi."

"Karibu," akasema Jecha.

Akaingia. Mlango ukafungwa.

Mwatime akatembea. Kizingiti hakina nafasi ya kutembea, kwa hiyo alitembea mahali pamoja. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mwili unaofumuliwa, kama mvua inayorudi juu. Kisha hapakuwa na sauti. Katika kimya kile hapakuwa na Shekue wa asubuhi wala wa kesho, wala wa kwao, alikuwepo kiganjani mwake tu, kwenye vumbi la ukili, na dada akakikunja kiganja asije akampeperusha. Kivuli kikashtuka. Mbali, mtu akaanza kujaribu baragumu, pumzi fupi fupi za kukohoa. Ukimya ukazidi kuliko anavyoweza mtu aliyelelewa na mjomba yule. Akaupiga mlango kwa ngumi.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi huko ndani."

"Karibu," ikaitikia sauti, kwa adabu kabisa. Kisha ikajisikia ilichosema, pale ilipokuwa, katika hali iliyokuwemo, na ukapasuka ukelele wa kicheko, ukafuatiwa na kiganja kinachopiga jamvi, na sauti ya Bi Mize, "Tulia wewe, mguu bado, nitakudunga." Kicheko kikaendelea bila mguu. Baragumu likalia juu yake, na halikuweza kukifunika.

Shekue akatoka amekamilika, machozi yakimtiririka, anajifuta kwa mkono mpya. Nyuma yake Jecha alikuwa ameifunua kanga na kumfundisha ndege jibu jipya, neno kwa neno, na kasuku akalishika upesi. Kipo, akasema. Kipo. Mwatime akajua kwamba na hilo sasa hakuna atakayeliuliza tena. Chini ya birika ukili ulikuwa umeshika moto, ukanuka kama mkeka mpya uliosahauliwa juani.

"Dada, umekuja kubisha mtu akiwa na mguu mmoja," akasema Shekue, akaanza tena, akajiegemeza barazani asianguke. Hapo mkono wake ukagusa kikombe. Akakiinua, akachungulia, akanusa. "Kahawa nusu. Nani huyu anaacha kahawa nusu?"

"Kuna mtu alikuwa amekaa hapo."

"Tunamjua?" akauliza, kicheko kikiwa bado kimemjaa mashavuni, kinasubiri jibu la kukiachilia.

Mwatime alirudi mpaka ukutani, akaugusa, ndipo akashuka.

"Alikuwa na subira," akasema.